Debian yenye XFCE kwenye simu ya Android, bila kuiruti

Simu ya Android yenye RAM ya GB 4 na nafasi tupu ya GB 8 inatosha kuendesha Debian, mfumo wa Linux kama wa kompyuta, yenye eneo-kazi la XFCE, yaani madirisha na menyu, pamoja na LibreOffice, Python, R na maelfu ya programu nyingine zinazopatikana kwa apt, kisakinishi chake cha programu. Mwanafunzi wa Malimbe hapa Mwanza mwenye tasnifu ya kumaliza, au karani wa mwalo wa Kirumba anayeweka hesabu za magunia ya dagaa kwenye lahajedwali, hana haja ya kusubiri apate kompyuta mpakato ndipo aanze kazi. Kibodi na mausi vya Bluetooth vinauzwa Makoroboi, simu tayari anayo mkononi, na umeme ukikatika pawabenki inashika zamu.

Wengi hujaribu, ikawafia baada ya nusu saa, wakaamua kwamba simu haiwezi. Simu inaweza. Karibu matatizo yote yanatoka sehemu moja: kwa macho ya Android, Debian yako nzima ni programu moja tu, sawa na WhatsApp. Inapewa RAM kwa ruhusa, inalazwa skrini ikizimwa, na inauawa bila kuulizwa pale mfumo unapoona inafaa. Ukiliweka hilo kichwani, kila hatua hapa chini itakuwa na sababu yake.

Android inatumia kerneli ya Linux, kwa hiyo msingi upo. Kinachokosekana ni vinavyokaa juu ya kerneli. Maktaba kuu ya C ya Android ni bionic, wakati programu za Debian zimejengwa kwa glibc, na hazikuti folda za /usr na /etc pale zinapozitarajia. Termux inakupa terminali na pakeji zilizojengwa upya kwa ajili ya Android. Juu yake inakaa proot, inayotumia ptrace kuisimamisha programu kila inapoomba faili, kuibadilishia njia, kisha kuiachia iendelee. Debian ikiomba /etc/passwd, inapewa ile iliyo ndani ya folda ya Termux na haijui tofauti. Ndiyo maana kusakinisha pakeji kunakwenda polepole mno, kwa sababu apt inagusa maelfu ya faili ndogondogo, ilhali Writer ikishafunguka unaandika bila kuhisi uzito wowote.

Njia nyingine zipo. Ukiiruti simu, yaani ukijipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, unaweza kutumia chroot badala ya proot na ukapata kasi kamili, ila kufungua bootloda (programu inayouwasha mfumo wa simu) kunafuta data zote, na programu nyingi za benki zikigundua ruti hukataa kufunguka. USSD itaendelea kufanya kazi, lakini kwa mtu anayeendesha biashara yake kwenye simu hiyohiyo, sishauri. postmarketOS, mradi ulioanza 2017 juu ya Alpine, unaiondoa Android kabisa. Ni mzuri kwa simu ya zamani iliyolala kwenye droo, baada ya kusoma ukurasa wa modeli yako na kuona kama kamera, sauti na kupiga simu vinafanya kazi. Google nayo ilileta Machi 2025, kwenye simu za Pixel, terminali inayoendesha Debian ndani ya mashine pepe. Kwa simu nyingi zilizoko mikononi mwa watu hapa Mwanza, njia inayobaki ni Termux.

Kabla ya kula bando, ipime simu. Pakua Termux kutoka F-Droid (duka la programu huria) au GitHub. Ile ya Play Store ni tawi lingine lenye mipaka yake, iache. Ifungue uandike:

uname -m
free -h

Jibu la kwanza likiwa aarch64, endelea. Likiwa armv7l au armv8l, Android yako ni ya biti 32 hata kama prosesa ni ya biti 64, jambo la kawaida kwenye simu za bei ya chini. Hapo baki na terminali tupu, usijisumbue na madirisha. Jibu la pili ni muhimu zaidi. Simu nyingi zinauzwa kwa tangazo la "GB 8" wakati GB 4 kati ya hizo ni nafasi ya hifadhi iliyogeuzwa RAM ya nyongeza. Kwenye free -h, RAM halisi inasomeka mstari wa Mem, na ile ya nyongeza inaingia kwenye Swap. Kinachoamua ni Mem. Ikiwa chini ya GB 3, Debian itawaka, lakini ukifungua Calc na programu nyingine pamoja utazipoteza zote.

Tenga bando la GB 2, na kama una Wi-Fi ya chuo au ya jirani, itumie hapa. Kisha:

pkg update && pkg upgrade
pkg install x11-repo
pkg install proot-distro termux-x11-nightly pulseaudio
termux-setup-storage
proot-distro install debian
proot-distro login debian

Amri ya x11-repo iende peke yake kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofungua hazina yenye termux-x11-nightly. Ukiziunganisha, pkg itasema haiioni pakeji hiyo. Na Termux:X11, inayoonyesha madirisha ya Debian kwenye skrini ya simu, ina nusu mbili: pakeji uliyosakinisha sasa hivi, na APK inayopakuliwa GitHub. Chagua APK yenye maneno arm64-v8a. Moja bila nyingine haifanyi kazi, na makosa mengi ya "skrini haifunguki" yanaishia hapa tu.

Nimechagua Debian badala ya Ubuntu kwa makusudi. Ubuntu inaileta Firefox na baadhi ya programu kwa njia ya snap, aina yake ya vifurushi, na snap inahitaji systemd (kisimamizi cha huduma za mfumo) na uwezo wa kumaunti (kuunganisha diski kwenye mfumo), vitu ambavyo ndani ya proot havipo. Debian inakupa faili za deb za kawaida.

Ukishaingia ndani ya Debian:

apt update
apt install --no-install-recommends sudo nano xfce4 xfce4-terminal dbus-x11 adwaita-icon-theme fonts-liberation
adduser neema
usermod -aG sudo neema
exit

Hiyo --no-install-recommends usiiache. Bila hiyo apt inakuvutia mamia ya megabaiti ya vitu visivyo na kazi ndani ya simu: visimamizi vya betri, vifunga skrini na vinginevyo. Baadhi vinakuletea matatizo hasa, maana kifunga skrini cha XFCE kinaweza kukufungia nje ya eneo-kazi lako mwenyewe. Adwaita nimeiongeza kwa sababu ukikata mapendekezo yote, menyu inaweza kubaki na viboksi vitupu badala ya alama.

Sasa tengeneza faili ya kuwashia, ndani ya Termux na si ndani ya Debian: nano anza.sh, kisha uweke haya:

termux-wake-lock
pulseaudio --start --load="module-native-protocol-tcp auth-ip-acl=127.0.0.1 auth-anonymous=1" --exit-idle-time=-1
termux-x11 :0 &
sleep 3
proot-distro login debian --user neema --shared-tmp -- env DISPLAY=:0 PULSE_SERVER=127.0.0.1 dbus-launch --exit-with-session startxfce4

Washa kwa bash anza.sh, halafu fungua programu ya Termux:X11. Neno la kuchunga ni --shared-tmp. Seva ya X, yaani Termux:X11 inayochora madirisha, inaweka soketi yake (faili ya mawasiliano) kwenye folda ya tmp ya Termux, na Debian ina tmp yake. Bila kuziunganisha, XFCE itatafuta skrini isiyoiona na kuandika "cannot open display", hata kama kila kitu kingine umekipatia.

Skrini ikibaki nyeusi yenye mshale tu, ongeza -legacy-drawing baada ya termux-x11 :0, kabla ya alama ya mwisho wa mstari. Rangi zikigeuka, nyekundu ikawa bluu, ongeza na -force-bgra. Herufi zikiwa ndogo kama za karatasi ya maelekezo ya dawa, ingia mipangilio ya Termux:X11 uweke ukubwa wa skrini kwenye asilimia 150 au 200. Na kwa simu dhaifu, zima vivuli na uwazi wa madirisha kwa amri hii ndani ya XFCE:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Tofauti yake inaonekana papo hapo unapoburuta dirisha.

Sasa tatizo kubwa kuliko yote. Unafanya kazi, ghafla eneo-kazi linatoweka, na ukirudi Termux unakuta "[Process completed (signal 9) - press Enter]". Wengi wanadhani RAM imekwisha. Mara nyingi siyo. Kuanzia Android 12, mfumo unahesabu michakato tanzu, yaani ile iliyozaliwa na programu kwa njia yake yenyewe, na ikizidi 32 kwa simu nzima inaanza kuua. XFCE pekee, pamoja na paneli, kisimamizi cha madirisha, dbus na proot, inakusogeza karibu na idadi hiyo. Fungua Writer na terminali mbili, umeshavuka. Signal 9 haina maonyo wala muda wa kuhifadhi faili.

Android 14 na kuendelea, dawa ni nyepesi. Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 hadi uambiwe umekuwa msanidi. Ndani ya chaguo za wasanidi programu kuna swichi ya kuzima vizuizi vya michakato tanzu. Iwashe, umemaliza. Isipokuwepo, au kama uko Android 12L au 13, unahitaji adb, zana ya kuipa Android amri za msanidi, na hauhitaji kompyuta kuipata. Sakinisha android-tools ndani ya Termux, unganisha simu kwenye Wi-Fi yoyote (hotspoti ya simu ya mwenzako inatosha, hata isiyo na bando), washa utatuaji usiotumia waya, kisha uombe msimbo wa kuoanisha. Kosa la kawaida ni kuusoma msimbo halafu kuhamia Termux. Ukitoka kwenye ukurasa ule, msimbo unakufa. Gawa skrini mbili, mipangilio juu na Termux chini, ndipo uandike:

adb pair localhost:PORTI
adb connect localhost:PORTI
adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false

Porti ya kuoanisha na porti ya kuunganisha ni mbili tofauti. Ya kwanza iko kwenye kisanduku cha msimbo, ya pili iko kwenye ukurasa mkuu wa utatuaji. Kwa Android 12 ya mwanzo, badala ya mstari wa mwisho tumia hii:

adb shell "/system/bin/device_config set_sync_disabled_for_tests persistent; /system/bin/device_config put activity_manager max_phantom_processes 2147483647"

Baada ya hapo shughulikia betri. Kwenye mipangilio ya programu, Termux na Termux:X11 zote mbili ziruhusiwe kutumia betri bila vizuizi. Tecno na Infinix zina Phone Master ambayo nayo inafagia programu kwa sheria zake. Ziruhusu kujiwasha, na uzifungie kufuli kwenye orodha ya programu za karibuni. Ikiendelea kufa baada ya yote hayo, sasa ndiyo RAM yenyewe, na tiba yake ni kufunga vitu upande wa Android.

Kwa sababu hiyohiyo nashauri usiweke kivinjari ndani ya Debian. Firefox ndani ya proot inakula RAM nyingi na inachemsha simu, wakati Chrome ya Android iko hapo pembeni ikifanya kazi hiyo kwa kasi kamili. Termux:X11 inashirikisha ubao wa kunakili, kwa hiyo unanakili kwenye Chrome na kubandika kwenye Writer. Ukilazimika kuwa na Chromium ndani, ianzishe na --no-sandbox, vinginevyo haifunguki kabisa, kwa kuwa sandboksi yake inahitaji ruhusa za kerneli ambazo Android haizitoi kwa programu. Kuongeza kasi ya picha kwa virgl kunawezekana, lakini kwa Writer, Calc na R hakuna unachopata.

Kuhusu waya. Hapa ndipo pesa zinapopotea, na inaniuma kuona mwanafunzi ananunua adapta ya USB-C kwenda HDMI kwa bei nzima halafu runinga haionyeshi kitu. Umbo la tundu halimaanishi kwamba picha inatoka. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina USB 2.0 ndani ya tundu la USB-C, na USB 2.0 haibebi DisplayPort, njia ya kutoa picha kwa waya. Adapta inaweza kuwa nzima kabisa, simu ndiyo haina. Soma sifa za modeli yako kabla ya kulipa. Zisipotaja DisplayPort au utoaji wa picha kwa waya, achana nayo. Samsung za daraja la S kuanzia S8 ya 2017 zinatoa picha, na zina DeX, eneo-kazi la Samsung la kwenye skrini kubwa. Kwa nyingine tumia kurusha skrini bila waya kwenye runinga janja. Kuna kuchelewa kidogo ambako kwa kuandika kunavumilika.

Kibodi na mausi nachagua vya Bluetooth. Ukitumia vya waya kupitia OTG (uwezo wa simu kuchomekewa vifaa vya USB), simu ndiyo inayotoa umeme kwenda kwao, na simu nyingi hazichaji zikiwa katika hali hiyo. Saa mbili za kazi zinaondoka na betri. Habu yenye mlango wa kupitisha chaji inasaidia kwenye baadhi ya modeli, kwa nyingine haisaidii, kwa hiyo ijaribu palepale dukani ukiwa na chaja yako. Baadhi ya simu pia zinaizima OTG zenyewe baada ya dakika 10 bila kutumika, na mtu anadhani kibodi imekufa.

Simu ikichaji huku inaendesha Debian inapata moto. Vua kava, iweke juu ya kitu kigumu badala ya kitambaa, na usiiweke kwenye jua la dirishani. Ikishapata moto inapunguza kasi ya prosesa yenyewe, na kila kitu kinakuwa kizito bila sababu nyingine.

Kwa kazi za ofisi, ndani ya Debian:

sudo apt install --no-install-recommends libreoffice-writer libreoffice-calc libreoffice-gtk3 hunspell-sw fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Pakeji ya hunspell-sw ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ichague kwenye lugha ya waraka, mistari myekundu itabaki chini ya makosa halisi. Carlito na Caladea zina upana wa herufi sawasawa na Calibri na Cambria. Bila hizo, waraka wa docx uliotumiwa na msimamizi wako unafunguka kwa fonti mbadala yenye upana tofauti, mistari inavunjika kwingine, na ukurasa wa 40 unakuwa wa 43. Yaliyomo yanabaki sahihi ila namba za kurasa zote zimehama. Na usipeleke docx steshenari. Toa PDF kutoka Writer, itume kwa WhatsApp kama waraka au iweke kwenye flashi, na kitakachochapishwa ndicho ulichokiona. Kuhangaika kuunganisha printa ndani ya proot ni kupoteza siku.

R inafanya kazi vizuri kwa r-base, na kwa takwimu za tasnifu inatosha kabisa. Kuwa makini tu na install.packages, kwa sababu vifurushi vingi vinajengwa upya kutoka chanzo ndani ya simu. Tafuta kwanza vya apt vinavyoanza na r-cran, kama r-cran-ggplot2, ambavyo vimeshajengwa.

Kuna vitu havitafanya kazi, usivipiganie. systemctl itakujibu kwamba mfumo haukuwashwa na systemd. Anzisha huduma kwa mkono, kwa mfano service mariadb start. Porti zilizo chini ya 1024 zimefungwa kwa asiye ruti halisi, kwa hiyo badili 80 kuwa 8080 kwenye ports.conf ya Apache. Docker haipo. Kumaunti flashi hakupo. Isome kupitia Android. Wala usijaribu kuihamishia Debian kwenye memori kadi. FAT32 na exFAT hazihifadhi viungo vya faili wala ruhusa za Unix, na Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka pale.

Kazi zako, kinyume chake, ziweke kwenye /sdcard/Documents, unakofika ukiwa ndani ya Debian na ukiwa nje. Ukiondoa Termux au ukigusa "futa data", kila kilichokuwa ndani ya Debian kimeondoka nayo.

Nakala ya akiba inachukuliwa eneo-kazi likiwa limezimwa. Safisha kwanza kwa sudo apt clean ukiwa ndani, toka, kisha:

proot-distro backup --output /sdcard/debian.tar.xz debian

Nimeandika xz kwa kuwa inabana zaidi ya gz. Inachukua muda mrefu na simu itapata joto, ila faili inabaki ndogo, na memori kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida ni FAT32, isiyokubali faili moja inayozidi GB 4. Faili hiyohiyo inaweza kuhamia simu nyingine ya aarch64 bila kutumia bando la Debian upya. Tengeneza nakala ya kugawa kabla hujaweka nyaraka na nywila zako. Kisha washa hotspoti, na kwenye Termux ya simu yenye nakala uandike pkg install python, cd /sdcard, na python -m http.server 8000. Simu ya pili inaipakua kwa kivinjari kupitia anwani ya simu ya kwanza. Seva hiyo inaonyesha kila kitu kilichoko kwenye /sdcard, picha zako pia, kwa hiyo ni salama zaidi kuweka nakala ndani ya folda yake na kuiwasha kutoka humo, kisha kuifunga kwa Ctrl na C mara tu upakuaji unapoisha. Upande wa pili, aliye na Termux, x11-repo na zile pakeji tatu tayari, anaandika:

termux-setup-storage
proot-distro restore /sdcard/Download/debian.tar.xz

Halafu ananakili anza.sh, anaweka APK ya Termux:X11, na anazima vizuizi vya michakato tanzu kwenye simu yake mwenyewe, maana mpangilio huo unakaa kwenye Android na hausafiri na nakala.